Kahawa ya Ruiru na kemia ya kijani
Kanuni ya kwanza ya kemia ya kijani, waliyoiandika Paul Anastas na John Warner mwaka 1998, ni kuzuia taka badala ya kuisafisha. Watafiti wa kahawa wa Ruiru, Kenya, walikuwa wameshatutangulia: mwaka 1985 walitoa Ruiru 11, aina ya kahawa inayostahimili magonjwa ya chulebuni na kutu ya majani. Dawa ya magonjwa hayo isiyohitajika haili nishati kiwandani, wala mafuta ya lori na pampu. Hewa ukaa inapungua. Wapo wanaosema ladha ya Ruiru 11 haiifikii ya SL28, aina ya zamani. Hoja hiyo ni nzito, maana mkulima anaishi kwa bei. Lakini Batian, aina nyingine iliyotolewa 2010, imepunguza pengo hilo. Viwanda vya ngozi na nguo vya Thika navyo vianzie hapo, kwenye uchaguzi wa kemikali, kabla ya mitambo ya kusafisha majitaka.