Glavu za Vijana Wetu Katika Nchi ya Theluji

Haya ni mazungumzo yaliyotolewa kwa familia zinazosubiri safari ya kwenda Kanada. Tunayachapa kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika. Ukimaliza kusoma, mpe jirani.



Leo hatuzungumzii fomu wala tarehe za safari. Tunazungumzia glavu, ambazo waliosoma Kifaransa huziita gants. Najua wengine mtacheka, kwa sababu hapa glavu tunaziona mikononi mwa wauguzi tu. Huko mnakokwenda, glavu ni kama viatu. Miezi ya baridi ikifika, kijana hatoki nyumbani bila glavu.

Baridi yenyewe ni ya namna gani? Maji huganda yakifika nyuzi 0. Katika mji wa Winnipeg, wastani wa mwezi wa Januari ni kama nyuzi 16 chini ya sifuri, na ziko siku inaposhuka chini ya 30. Upepo ukivuma, mwili huhisi baridi zaidi. Idara ya hali ya hewa ya Kanada huonya kwamba baridi pamoja na upepo ikihesabiwa kuwa 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda kwa dakika 10 hadi 30. Kijana anayesubiri basi la shule anaweza kukaa nje muda huo.

Kwa nini tunasema vijana? Mtoto mdogo unamvisha mwenyewe. Kijana wa miaka 14 huvaa anachopenda, na glavu akiionea aibu ataificha mfukoni. Tena vijana hukaa nje sana. Baadhi ya shule huwapeleka wanafunzi kwenye mchezo wa ski, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu zinazofungwa miguuni. Mwenye kujifunza huanguka mara nyingi, na mikono huzama kwenye theluji. Kwa hiyo tafuteni glavu za ski hata kama kijana hatacheza. Zitamfaa kwenye basi, njiani, na akiondoa theluji mlangoni.

1. GLAVU NZURI INA TABAKA TATU

Fikirini nyumba zetu hapa. Juu kuna turubai la kuzuia mvua, ndani kuna blanketi, na karibu na mwili kuna shuka. Glavu ya ski ni hivyo hivyo. Nje ni kitambaa kisichopitisha maji wala upepo. Katikati ni kitu chepesi kinachoshika joto. Ndani ni kitambaa laini.

Someni kibandiko. Neno "waterproof", au kwa Kifaransa "imperméable", maana yake maji hayapiti. "Water resistant" ni kwamba yanazuiliwa kidogo tu. Mkiona "Thinsulate" na namba ya gramu, gramu 40 ni nyepesi, 100 ni afadhali, na 200 ni nzito. Msinunue glavu za pamba kwa ajili ya theluji. Pamba ikilowa hukaa na maji na kuupoza mkono. Sufu hata ikilowa bado hushika joto kidogo.

2. VIDOLE PAMOJA AU MBALIMBALI?

Ziko glavu za vidole vitano, na ziko za mfuko, ambazo vidole vinne hukaa pamoja na gumba peke yake. Za mfuko zina joto zaidi. Watoto wanaolala kwenye mkeka mmoja hupeana joto, na anayelala peke yake hutetemeka. Vidole ni vivyo hivyo. Kijana ambaye mikono yake hupata baridi upesi achukue za mfuko. Anayehitaji kushika vitu achukue za vidole.

3. KIPIMO

Chukua tepu ya fundi cherehani, au uzi na rula ya shule. Zungusha kwenye kiganja chini ya vifundo, ukiacha gumba. Mara nyingi namba ya glavu ya mtu mzima ni inchi za mzunguko huo: sentimita 18 ni kama namba 7, sentimita 20 ni kama namba 8. Hata hivyo, ajaribu dukani. Akunje ngumi. Glavu ikibana ncha za vidole, ni ndogo. Glavu inayobana huzuia damu na haiachi nafasi ya hewa, na hewa hiyo ndiyo inayotunza joto. Ikiwa kubwa kidogo si neno, maana kijana anakua. Ikipwaya sana, baridi itaingia. Angalia pia kwamba inafunika kifundo cha mkono na kuingiliana na koti.

4. BEI

Glavu mpya za bei nafuu hupatikana kwa dola 20 hadi 40 za Kanada. Ziko za zaidi ya 100, lakini kijana wa shule hazihitaji. Mitumba ipo huko pia, kwa dola chache tu. Ukikamata glavu ya mtumba, ipulize kwa mdomo kama puto. Upepo ukitoka kwenye mshono, iache. Kagua hasa kati ya gumba na kidole cha shahada, maana hapo huchanika kwanza. Mwezi wa Machi maduka hupunguza bei. Nunua wakati huo za mwaka unaofuata, namba moja juu.

Njia nyingine: nunua glavu nyembamba za sufu, azivae ndani ya za mfuko zilizo kubwa kidogo. Muhimu, mwache kijana achague rangi mwenyewe. Glavu ya dola 15 inayovaliwa ni bora kuliko ya dola 80 iliyoachwa kabatini.

5. UTUNZAJI NA HATARI

Jioni zianikwe ndani, mbali kidogo na moto. Glavu mbichi asubuhi ni hatari.

Vijana, sikilizeni hili. Vidole vikipata baridi huuma. Maumivu yakiisha na vidole vikafa ganzi, msidhani mmepona. Hapo ndipo ngozi inaganda. Hupauka na kuwa ngumu kama nta. Ingia ndani upesi. Usisugue, wala usipake theluji. Usikaribie moto, maana utaungua bila kuhisi. Tumbukiza mikono katika maji ya uvuguvugu, na mtu mwingine ayapime kwanza kwa kiwiko. Hisia isiporudi, nenda hospitali.

Wazazi, mkifika mtakuwa na mengi ya kulipa. Huenda mkapewa glavu za kuanzia. Zikagueni kama nilivyosema. Zikipitisha maji, tafuteni nyingine kabla ya kununua redio. Redio mtanunua baadaye, lakini kidole kikikatwa hakina spea.

 Mwenye swali aulize.