Udi wa Vijiti wa Bei Rahisi

Leo nitasema nanyi habari za udi wa vijiti, ule utokao sana Bara Hindi.

Kijiti chake ni cha mwanzi, nacho hupakwa unga wa makaa na wa mbao uliokandwa pamoja na unga wa gome la mti unaonata, kisha hutiwa manukato. Kwa hiyo hauhitaji chetezo.

Mtu akitaka kuujaribu, na anunue pakiti moja ndogo. Awashe kijiti kimoja, auzime mwali, libaki kaa tu. Akichomeke katika kopo la mchanga, mbali na chandalua na makuti, na dirisha liwe wazi. Kisha atoke nje kidogo, arudi. Harufu ikimpendeza, vema. Macho yakimwasha na koo likimkereketa, asiuchome tena, ijapokuwa ni rahisi.

Lakini jueni ya kuwa moshi ni moshi, hata ukinukia. Vumbi lake jembamba huingia kifuani. Basi msifukize alalapo mtoto mchanga au mwenye pumu. Wala udi hausafishi nyumba, huficha uvundo tu. Fagieni kwanza, ndipo mfukize.