Mizizi, Chumvi na Mfereji wa Kutoa Maji: Mada ya Warsha ya Skimu za Mpunga, Bonde la Pangani

Mada hii imeandaliwa kwa ombi la waandaaji wa warsha, waliotaka ieleze namna mizizi inavyodhibiti upitishaji wa maji pale udongo unapoingiwa na chumvi. Maana za msingi washiriki wanazifahamu: udongo wa chumvi ni ule ambao maji yake hupitisha umeme kwa kiwango cha desisimensi 4 kwa mita au zaidi, na udongo wa magadi ni ule uliojaa sodiamu hata chembe zake zikaachana, ukawa mgumu kama sakafu ukikauka na usiopenyeka ukilowa. Mpunga huanza kupunguza mavuno mapema zaidi, kwenye desisimensi 3 hivi.

Maji huingia mzizini kwa kupita kati ya seli, hadi yanapozuiwa na ukanda wa Kaspari unaoziba nafasi hizo, au kwa kupita ndani ya seli kwenye akwaporini, yaani vijilango vya protini ambavyo kuvigundua kulimpatia Peter Agre Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 2003. Chumvi ikizidi nje, vijilango hivyo hufungwa. Katika mmea wa maabara uitwao Arabidopsis, chumvi ya karibu gramu 6 kwa lita hupunguza uwezo wa mzizi kupitisha maji kwa takriban asilimia 70 katika muda wa saa chache. Mpunga una udhaifu wa ziada, kwa kuwa mizizi ya pembeni inapochomoza hupasua tishu na kuacha mianya, na sodiamu hupenya humo bila kuchujwa. Aina chache, kama Pokkali ya Kerala nchini India, hujiokoa kwa protini inayoitoa sodiamu kwenye mishipa ya maji kabla haijafika majani.

Hayo yanatosha kwa nadharia, kwa sababu tatizo linalorudi kila msimu liko shambani. Mkulima hukuta mpunga umesimama ndani ya maji, majani yamejikunja saa sita mchana, ncha zimekuwa nyeupe na kingo za jaruba zimetanda unga wa chumvi. Naye, kwa kuamini kwamba mmea una kiu au njaa, hufungulia maji zaidi na kutupia urea. Mmea una kiu kweli, lakini ni kiu iliyo katikati ya maji, kwa kuwa mzizi umefunga vijilango vyake, na kila maji yanayoongezwa bila kutolewa huacha chumvi yake pale pale yanapokauka. Hesabu ni nyepesi: maji yenye nusu gramu tu ya chumvi kwa lita, yakimwagwa mita za ujazo 10,000 kwenye hekta moja kwa msimu, huleta tani 5 za chumvi, na kama hakuna mfereji wa kutoa maji, tani hizo hazina pa kwenda. Mahindi yakifuata kwenye jaruba hilo hilo huumia mara mbili, kwani mzizi uliokosa hewa nao hufunga vijilango.

Bila kunyooshea kidole taasisi yoyote, ni lazima isemwe kwamba mifereji ya kutoa maji ndiyo hukatwa kwanza bajeti inapopungua, na iliyochimbwa huachwa ikajaa matete hadi ikageuka njia ya mbuzi. Ripoti zimelieleza jambo hili mara nyingi, kwa maneno yale yale.

Inapendekezwa, basi, kwamba kila afisa ugani wa skimu apewe kipima chumvi, na maji au urea visiongezwe kabla ya kupima. Inapendekezwa pia kwamba miche ipandikizwe ikiwa imekomaa kidogo, kwa kuwa mpunga ni dhaifu zaidi ukiwa mche mchanga na wakati wa kuchanua. Jasi, inayochimbwa Makanya wilayani Same na kupelekwa viwanda vya saruji, itengwe pia kwa mashamba ya magadi, ila isimwagwe pasipo mfereji, maana kalisi yake huifukuza sodiamu kwenye chembe za udongo na sodiamu hiyo lazima itoke nje ya shamba. Mbegu vumilivu zisambazwe, lakini zisichukuliwe kuwa mbadala wa mfereji. Kamati za skimu ziweke zamu za kusafisha mifereji kabla ya kila msimu, na fedha za mifereji hiyo zitengwe kwenye kasma yake, isiyohamishwa. Hatimaye, hata kama inaonekana kurudia yaliyokwisha kusemwa, skimu isiyo na mfereji wa kutoa maji isikabidhiwe kwa wakulima kama mradi uliokamilika.