Lotario na Unyonge wa Mwanadamu



Mnamo mwaka 1195 hivi, kardinali mmoja kijana wa Roma, Lotario wa Segni, aliandika kwa Kilatini kitabu juu ya unyonge wa hali ya mwanadamu. Miti, anasema, huzaa maua na matunda. Mwanadamu huzaa chawa, mate na kinyesi. Kisha anampindua kichwa chini miguu juu, awe mti uliogeuzwa: nywele ni mizizi, kifua na tumbo ni shina, mikono na miguu ni matawi, vidole ni majani.

Wengi huishia hapo, wakasema huyu aliyachukia maisha. Mimi nashikilia kuwa hawajakifikia kiini chake. Katika dibaji anasema wazi kwamba shabaha yake ni kukishusha kiburi. Naye alikuwa mtu wa baraza la Papa, mahali walipomiminika wenye kesi kutoka pembe zote za Ulaya. Tazama anavyowageukia mahakimu katika sehemu ya pili: kesi ya maskini hupigwa danadana, ya tajiri huharakishwa, na kinachopimwa ni zawadi badala ya haki. Au fukara wake: akiomba, aibu inamtafuna, asipoomba, njaa inammaliza, basi anaomba kwa kulazimika. Anayeyaandika haya amemtazama fukara usoni.

Dibaji hiyohiyo inaahidi kitabu cha pili, juu ya hadhi ya mwanadamu. Hakukiandika. Januari 1198 alichaguliwa kuwa Papa Inosenti III, akiwa na miaka 37. Kazi ya kumjibu ilifanywa na mwanazuoni Giannozzo Manetti wa Florence zaidi ya miaka 250 baadaye.

Simsafishi. Ndiye aliyeitisha vita vya msalaba dhidi ya Wakathari, waliohesabiwa na Kanisa kuwa wazushi, kusini mwa Ufaransa, na damu ikamwagika kwa wingi. Alipofariki Perugia mwezi Julai 1216, kasisi Jacques de Vitry aliukuta mwili wake kanisani: usiku wezi walikuwa wamemvua mavazi ya thamani aliyopaswa kuzikwa nayo, wakamwacha karibu uchi, akinuka. Mambo hayo Lotario mwenyewe alikuwa ameyaandika miaka ishirini kabla: tajiri wa jana, maiti wa leo.

Lakini ninawasihi wanafunzi wangu wakisome kitabu hiki sambamba na hospitali ya Santo Spirito, aliyoianzisha kando ya mto Tiber na kuikabidhi kwa Guy wa Montpellier na watawa wake. Kanuni yao iliwaagiza watoke mara moja kila wiki, wapite mitaani na viwanjani kuwatafuta maskini wagonjwa, wawalete ndani na kuwahudumia.