Kumbukumbu za Umma Zilizomo Katika Kompyuta Mpakato

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa na Afisa Habari wa Wizara mbele ya watumishi wa masjala, mipango na habari mjini Bariadi, Mkoa wa Simiyu. Yanachapishwa katika ukurasa huu kwa faida ya watumishi wa Serikali na wananchi wa Visiwani.)



 

Mtu wa kisiwani akifika Bariadi hushangazwa kwanza na upana wa ardhi, na mimi sikusalimika. Hata hivyo jambo lililonileta ni dogo kwa umbo. Ni namna ya kutunza nakala ya kazi iliyomo katika kompyuta mpakato, kwa kuipeleka kila siku katika sanduku la diski lililounganishwa na mtandao wa ofisi. Mafundi huliita NAS. Mimi nitaliita sanduku la hifadhi, ili sote tuelewane.

Mkoa wenu unalifaa somo hili kuliko mikoa mingi. Ulianzishwa rasmi mwezi Machi 2012. Bariadi, Maswa na Meatu zilitoka Mkoa wa Shinyanga, Busega ikamegwa kutoka Magu mkoani Mwanza, na Itilima ikatokana na Bariadi. Kwa hiyo kumbukumbu za mkoa za kabla ya hapo zilifunguliwa katika masjala za mikoa mingine, tena kwa karatasi. Karatasi ina fadhila moja tunayoisahau, nayo ni kwamba aghalabu haiwi peke yake. Mhazili wa zamani alipopiga chapa aliweka karatasi ya kaboni bila kungoja kuambiwa. Nakala moja ilikwenda kwa mwandikiwa, moja ikaingia katika jalada, na nyingine ikabaki ofisini. Simiyu imezaliwa katika zama za kompyuta. Orodha, ramani na hesabu nyingi zinaanzia katika mashine ya mtumishi mmoja, na zisipopelekwa mahali, huishia humo humo. Sensa ya 2012 ilihesabu katika mkoa huu watu 1,584,157, na ya 2022 ikahesabu 2,140,497. Haki za watu hao zimo katika maandishi hayo.

Nitoe mfano wa kwetu, bila ya kuitaja ofisi. Mtumishi alitumwa vijijini kuandikisha wakulima wa mwani waliostahili kulipwa. Alifanya kazi ya wiki kadhaa, kwa uaminifu, na orodha yote akaiweka katika kompyuta yake. Katika kurudi kwa boti mkoba ukalowa maji ya chumvi, na diski haikuamka tena. Serikali haikukataa kulipa, ila haikuwa na jina hata moja la kumlipa. Ikabidi watu waende tena nyumba kwa nyumba. Baadhi ya wale kina mama walikuwa wamekwisha kufariki, na warithi wao hawakuwa na cha kuonyesha. Badilisheni mwani kwa pamba, na wakulima wale kwa wanachama wa AMCOS za Itilima au Meatu wenye kilo zao zilizoandikwa, nanyi mtaona kwamba msiba huo hauhitaji bahari.

Huku kwenu sababu ni nyingine. Ukanda huu wa Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye radi nyingi. Kiangazi kina vumbi. Umeme ukikatika na kurudi kwa kishindo huunguza vifaa. Kompyuta mpakato husafiri kwa pikipiki na basi, na wezi huipenda kwa kuwa ni nyepesi. Zaidi ya hayo yote, diski huchakaa kama tairi, nayo haitoi barua ya kujiuzulu.

Sasa niseme sanduku lenyewe ni nini. Ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi, yenye nafasi ya diski mbili au zaidi. Huunganishwa kwa waya na swichi ya mtandao wa ofisi, hukaa ikiwaka wakati wote, na kompyuta zote zilizoruhusiwa huliona kama kabati moja la pamoja. Katika kila kompyuta huwekwa programu yenye ratiba. Saa ikifika, programu hutazama ni majalada gani yamebadilika tangu jana, na hayo tu ndiyo hunakiliwa. Mtumishi hana haja ya kukumbuka, na hapo ndipo sanduku linapoishinda flashi. Flashi hutegemea ahadi ya mtu aliyechoka saa tisa na nusu alasiri, siku ya Ijumaa.

Nakala ya kwanza huchukua muda, na wengi hukata tamaa hapo. Tuseme kompyuta ina gigabaiti 200. Katika mtandao wa zamani wa megabiti 100 kwa sekunde, kazi hiyo huchukua kama saa tano hata mambo yakienda vizuri. Katika mtandao wa megabiti 1,000, huweza kupungua hadi kama nusu saa, diski zikiwa na mwendo wa kutosha. Iunganisheni kompyuta kwa waya, msitumie mtandao wa hewani, muiache usiku kucha. Kuanzia siku ya pili, mabadiliko ya siku moja ni dakika chache tu.

Nimeulizwa kwa nini tusipeleke kila kitu kwenye hifadhi za intaneti tukastarehe. Hifadhi hizo zina faida yake, na nitairudia. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za chini ya bahari za EASSy na SEACOM ziliharibika kusini mwa pwani yetu, na intaneti ya Tanzania na ya majirani zetu ikadorora vibaya. Aliyekuwa na sanduku ofisini aliendelea kusoma majalada yake, maana mtandao wa ndani ya jengo hauitegemei bahari.

Kuna kosa moja ambalo nimelikuta hata kwa wataalamu. Sanduku lenye diski mbili kwa kawaida hupangwa ili kila kinachoandikwa katika diski ya kwanza kiandikwe pia katika ya pili. Ukinunua diski mbili za terabaiti 4, unapata nafasi ya terabaiti 4, wala si 8. Mpango huo ni mzuri, kwani diski moja ikifa kazi haisimami. Watu wakiuona hudhani wamekwisha kupata nakala mbili. Sivyo. Mtumishi akifuta orodha kwa bahati mbaya, inafutika katika diski zote mbili kwa pamoja. Dawa yake ni kulielekeza sanduku litunze matoleo ya nyuma: kwa mfano ya kila siku kwa siku 30, na ya kila mwezi kwa mwaka mzima. Hapo mtu aliyeharibu jedwali Jumanne hurudi kulichukua la Jumatatu.

Matoleo hayo ni ngao pia dhidi ya virusi vinavyofunga majalada na kudai fidia. Tarehe 12 Mei nyingine, ya mwaka 2017, virusi vilivyoitwa WannaCry vilienea katika nchi zaidi ya 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Virusi vya namna hiyo hufuata kila mlango ulio wazi, na sanduku lililounganishwa na kompyuta huku mtumiaji akiwa na ruhusa ya kufuta kila kitu ni mlango wazi. Basi nakala zipelekwe kwa akaunti yake maalumu, ambayo mtumishi haitumii kwa kazi nyingine. Nywila iliyotoka nayo kiwandani ibadilishwe siku ile ile, na sanduku lisifunguliwe kuonekana kutoka intaneti. Humo mna taarifa za watu: umri, maradhi, mashamba, madeni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haitofautishi kati ya taarifa iliyoibwa katika kompyuta na ile iliyoibwa katika nakala yake.

Kuhusu mahali pa kuliweka, sina mengi. Liwekwe juu ya rafu, mbali na dirisha na mbali na bomba la maji, katika chumba chenye hewa na kufuli. Lisifungiwe ndani ya kabati la chuma, litapata joto. Kati yake na umeme wa ukutani iwepo betri ya dharura ambayo mafundi huiita UPS, ili umeme ukikatika sanduku lijizime kwa adabu. Sisi wa Unguja tuliishi bila ya umeme wa gridi kwa takriban mwezi mmoja mwaka 2008, na kwa takriban miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Tunajua uzito wa neno dharura.

Nije sasa kwenye lile ninaloliona kubwa zaidi. Sanduku lililo ofisini ni nusu ya kazi, kwa sababu limo chini ya paa moja na kompyuta zenyewe. Moto ukizuka huvichukua vyote. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit el Ajaib, jengo tulilodhani litatuzika sisi sote, iliporomoka mchana. Jengo la mawe la karne ya 19 likiweza kuanguka, jengo la ofisi halina kinga. Wataalamu wana kanuni rahisi: nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake iwe mbali. Kwetu tuliosoma chuoni jambo hili si geni. Baada ya mahafidhi wengi kuuawa vitani Yamama, Qur'ani ilikusanywa katika maandishi chini ya usimamizi wa Zaid bin Thabit, na baadaye Khalifa Uthman akaamuru misahafu inakiliwe na kupelekwa katika miji mbalimbali. Hawakuridhika na nakala moja Madina.

Kwa Simiyu mna bahati ya kuwa na wilaya tano. Diski ya nje iliyosimbwa kwa nywila inaweza kubeba nakala ya sanduku la Bariadi na kukaa katika kabati la masjala Mwanhuzi, na ya Mwanhuzi ikakaa Bariadi; gari la Serikali linalokwenda kwa kazi nyingine likabeba zote mbili mara moja kwa mwezi. Intaneti inapokuwa nzuri, nakala hiyo ya mbali inaweza kupelekwa kwa njia ya mtandao katika hifadhi iliyoidhinishwa na Serikali. Afisa TEHAMA wenu ndiye wa kuulizwa ni ipi.

La mwisho ni kujaribu. Mwanafunzi wa chuoni akidai kwamba amehifadhi sura, mwalimu hamwandikii cheti. Humketisha akasoma, na mahali anapokwama hudhihiri. Sanduku nalo lifanyiwe hivyo. Nimeona ofisi ambayo taa ya kijani iliwaka miezi minane, kumbe ratiba ilikuwa ikinakili folda tupu. Basi kila robo ya mwaka, karani wa masjala achague jalada moja bila kutoa taarifa mapema, alirudishe kutoka katika sanduku hadi kompyuta nyingine, alifungue, alisome, kisha aandike tarehe na jina lake katika daftari. Mara moja kwa mwaka ajaribu kurudisha kompyuta nzima, akitumia ile diski iliyotoka wilaya nyingine.

Daftari hilo liwe la karatasi, na liwekwe mbali na sanduku. Nywila ya kufungulia diski zilizosimbwa iandikwe, itiwe ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri, na iwekwe katika sefu ya ofisi pamoja na majina ya watumishi wawili wenye idhini ya kuifungua, maana mtumishi anayeijua peke yake anaweza kuhamishwa kesho kwa barua ya mstari mmoja.