Haki ya Mtoto na Haki ya Aliyenyimwa Kibali



Mwaka 2002, katika mji mdogo wa Soham nchini Uingereza, mtunzaji wa majengo ya shule aliwaua wasichana wawili wa miaka 10. Ilibainika baadaye kwamba polisi wa jimbo alikotoka walijua tuhuma zilizowahi kutolewa dhidi yake, lakini habari hizo hazikuvuka mpaka wa jimbo zikamfikia mwajiri. Mwaka 2006 ikatungwa sheria ya kuwazuia watu wa hatari wasifanye kazi na watoto.

Sheria hiyo haikumsahau anayezuiwa. Hupewa nafasi ya kujieleza, kisha anaweza kukata rufaa mbele ya baraza la juu, akidai kwamba uamuzi ulikosea sheria au ukweli wa mambo. Rufaa hiyo si ombi la huruma. Ni kupima kama yaliyoandikwa juu yake ni kweli.

Nasi wa mpakani tuna la kujifunza. Hapa jina moja hubebwa na wengi, na huandikwa hivi upande huu, vingine upande wa pili. Tuseme mwalimu ameomba cheti cha mwenendo mwema, akanyimwa kwa kosa la mtu wa jina kama lake. Asitafute wa kumhonga, wala asinyamaze. Ibara ya 42 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inampa haki ya kutendewa kwa uadilifu na maofisa wa utawala, na ya kwenda mahakamani kuupinga uamuzi wao. Aombe sababu kwa maandishi, akusanye vitambulisho na hati zake, wala asichelewe: maombi ya mapitio hupelekwa Mahakama Kuu ndani ya miezi mitatu. Mahakama hutazama jinsi uamuzi ulivyofikiwa.

Nanyi wazazi, shauri la mtoto aliyedhulumiwa msilimalize nyumbani kwa faini ya mbuzi. Kosa lisiloripotiwa haliingii katika kumbukumbu. Mkosaji huvuka mpaka, akaajiriwa upya kana kwamba ni mtu safi.

Kumbukumbu sahihi ni ngao ya mtoto, na ndiyo kinga ya asiye na hatia. Anayetuletea ukweli amewalinda wote wawili.