Cheti Kimoja, Namba Tatu

(Maneno ya kamati ya elimu mbele ya mkutano wa wanachama, Kaloleni)



Tumeagizwa kueleza habari za vyeti. Twajua wengine wenu mlitaka tuzungumze habari za mishahara. Subirini kidogo, tutafika huko, maana mambo hayo hayaachani.

Mwenzetu mmoja wa Makongeni alimsomesha binti yake Tanzania kwa fedha za ovataimu. Binti akarudi na digrii, na karatasi za chuo zinasema ni ngazi ya 8. Alipokwenda kuomba kazi katika ofisi moja mjini, karani akazitazama karatasi, akasema hapa Kenya digrii ni ngazi ya 7, basi hii ya 8 ni kitu gani? Binti akarudishwa nyumbani mpaka mambo yafahamike, wala hakuambiwa yatafahamika wapi. Mzee akatujia akiuliza kama ametapeliwa.

Ndugu, hakutapeliwa. Kenya ina ngazi 10 za elimu, na digrii ya kwanza iko ngazi ya 7. Tanzania nayo ina ngazi 10, lakini digrii ya kwanza imewekwa ya 8. Na katika mpango wa Afrika Mashariki nzima, uliotolewa mwaka 2015 na Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki lenye makao Kampala, ngazi ni 8 tu, na digrii ile ile iko ya 6. Ninyi mnaofanya kazi stoo mngekubali bolti moja iwe na namba tatu?

Maneno nayo yana shida yake. Mtanzania akisema shahada ana maana ya digrii; diploma ni stashahada, na cheti cha chini yake ni astashahada. Lakini wazee wetu wengi waliita shahada karatasi yoyote ya kushuhudia kwamba mtu amefuzu, kwa kuwa shahada na ushahidi ni mtoto na mama. Kwa hiyo mzee akiambiwa "mwanao ana stashahada" hufurahi kwanza, akauliza maana baadaye.

Msidhani jambo hili ni geni kwa vyama vya wafanya kazi. Mwaka 1959 Tom Mboya, aliyekuwa Katibu Mkuu wa Shirikisho la Vyama vya Wafanya Kazi la Kenya, alisaidia kupeleka vijana 81 Marekani kwa ndege moja kwenda kusoma. Wakubwa wa serikali ya kikoloni waliidharau digrii ya Marekani, wakisema haifikii ile ya Uingereza. Kipimo kilikuwa London, na mwenye kushika rula ndiye aliyesema nani mrefu.

Kisha mwaka 1963 tukapata rula yetu wenyewe. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kilikuwa kimoja chenye nyumba tatu, Makerere, Nairobi na Dar es Salaam. Aliyetaka uinjinia alikuja Nairobi, wa sheria akaenda Dar es Salaam, wa udaktari Makerere, na digrii ilikuwa moja, hapana mtu wa kuuliza ngazi. Mwaka 1970 kikavunjwa. Baadaye kila nchi ikaweka tume yake ya kuvipima vyuo: Kenya mwaka 1985, Uganda 2001, Tanzania 2005. Kwa maoni yetu hapo ndipo tulipopoteza, na tangu hapo twaokota vipande.

Ninyi watu wa reli mwajua hasara yake. Njia ya zamani ni ya mita moja toka Mombasa hata Kampala, behewa likapita bila kushusha mzigo. Reli mpya ni pana zaidi, na ilipofika Naivasha mwaka 2019 mzigo wa Uganda ukawa hauna budi kuhamishwa. Binti wa Makongeni alikuwa mzigo uliofika mahali pa kuhamishwa, na hapakuwa na kreni.

Kuokota vipande ni hivi. Baraza la Kampala limetaka vyuo vipimwe kwa njia moja: kwanza chuo kijipime chenyewe na kuandika kasoro zake, kisha waje wakaguzi wa nje, hata kutoka nchi jirani, wahakikishe. Yafanana na kiwanda kinachoangalia kazi toka mwanzo wa mashine, kisingoje kutupa bidhaa mbovu mlangoni. Mwaka 2017 wakuu wa nchi walitangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Hata kabla ya hapo, mapatano ya Soko la Pamoja, yaliyoanza kazi tarehe 1 Julai 2010, yalitaka nchi zitambuliane vyeti. Lakini karani wa mjini hajayasoma.

Na sisi tuna neno letu. Wakubwa wakikaa kupatanisha maneno huanza na daktari wa falsafa na kushuka, na mara nyingi huchoka kabla ya kufika kwa fundi. Sheria ya Kenya ya mwaka 2014 iliweka ngazi zote katika mpango mmoja, na trade test yako imo. Mwaka 2024 serikali ikatoa sera ya kumtambua mtu aliyejifunza kazini bila kuingia darasani. Fundi wa Kamukunji mwenye miaka 20 ya nyundo aweza kupimwa na kupewa cheti. Vema sana. Lakini katika mikataba mingi ya kazi hakuna mstari unaosema mwenye cheti hicho alipwe nini. Hapo ndipo mshahara unapoingia, kama tulivyowaahidi. Twataka mkataba ujao utaje ngazi kwa namba, na useme ni namba za nchi gani.

Binti wa Makongeni amekwisha andika kwa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, maana kuzitambua digrii za nje ni kazi yake kwa sheria, na sasa angoja jibu. Wengine wenye karatasi za Uganda, Tanzania au kwingineko, tuoneni baada ya mkutano, meza ya upande wa dirisha. Leteni nakala. Vyeti vyenyewe viacheni nyumbani.